Kujaribiwa Kazini si Kufanya Kazi Bure

Wanachama wenzetu, katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza khabari za miche, za uanikaji, za makonyo na za bei. Leo tunaomba ruhusa yenu tutoke kidogo shambani. Liko jambo ambalo wazee wenye watoto makazini wanatuuliza mara kwa mara, na ambalo wanachama walioajiri watu hawatuulizi kabisa, ingawa linawakhusu wote sawasawa. Jambo lenyewe ni hili: mtu aliyeandikwa kazi kwa majaribio, kisha akaambiwa basi kabla majaribio hayajaisha, anatoka na kitu gani mkononi?

Jawabu anayopewa kijana aghlabu ni fupi. Huambiwa: "Wewe ulikuwa majaribioni, hujathibitishwa, huna kiinua mgongo." Naye, kwa kuwa ndiyo mara yake ya kwanza kuajiriwa, na yuko Dar es Salaam au Arusha hana mtu wa kumuuliza, huchukua mkoba wake akashika njia ya bandarini. Akifika nyumbani Wete au Mkoani, wazee humpa pole, na wengine humlaumu kuwa hakujua kushika kazi. Hakuna anayemuuliza: je, siku zako kumi za mwezi wa mwisho ulilipwa? Notisi ulipewa? Nauli ya kurudi alitoa nani?

Sisi tunasema kuwa katika jawabu ile ya tajiri mna kweli moja na dhulma moja, na hila yote ni kuzifunga mbili hizo katika kifurushi kimoja ili mtu azipokee pamoja.

Kweli yenyewe ni kuwa kiinua mgongo ni malipo ya utumishi wa muda. Karibu kila nchi iliyoweka sheria yake imeweka pia kikomo cha chini, na kikomo hicho aghlabu ni mwaka mmoja. Mtu aliyefanya kazi miezi mitatu hajakifikia, na tajiri anayemwambia hivyo hakusema uwongo. Dhulma huanza pale neno "kiinua mgongo" linapotumiwa kama blanketi la kufunika kila kitu: ujira wa siku alizokwisha fanya, malipo ya notisi, nauli, na hata barua ya kuonesha kuwa alikuwepo kazini. Haya si kiinua mgongo. Haya mtu hayapati kwa hisani ya tajiri wala kwa kuthibitishwa. Anayapata kwa kuwa alifanya kazi.

Mwanachama wa jumuiya hii hana haja ya kufundishwa jambo hili na mwanasheria. Tumtazame mchumaji. Anakuja mgeni, hatumjui, tunampa pakacha na tunamwonesha mkarafuu. Huku ndiko kujaribiwa. Kufika adhuhuri tunaona kuwa anavunja vitawi, au anachuma zilizo changa pamoja na zilizofunguka, na tunamwambia ashuke, hatumtaki tena. Je, yuko mtu miongoni mwetu anayeweza kuzimwaga karafuu alizochuma juu ya jamvi lake kisha akakataa kuzipima? Tutapima pishi zake, tutamlipa, kisha ataondoka. Tukifanya vyengine, kijiji kizima kitajua kabla ya jua kuchwa, na kesho hatupati mchumaji. Na palizi ni vivyo hivyo. Mkarafuu mchanga hutunzwa miaka sita au saba kabla ya kuonja matunda yake, lakini aliyeupalilia mwaka wa kwanza hakuambiwa angoje mpaka uzae.

Basi kinachoonekana wazi mno shambani, kwa nini kinapotea mara tu mtu anapovaa shati na kukaa nyuma ya meza? Kwa rai yetu, ni kwa sababu mshahara wa mwezi hauonekani kwa macho kama pishi ya karafuu. Siku kumi za kazi ya karani hazikai juu ya jamvi zikahesabika.

Sasa tuingie katika sheria. Hapa lazima tuseme jambo moja kwanza, kwani watu wengi wanachanganya. Mambo ya kazi si mambo ya Muungano. Zanzibar tuna Sheria ya Ajira Nambari 11 ya mwaka 2005, na Tanzania Bara wana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwanachama anayeajiri hapa kisiwani asichukue hesabu za bara akazitumia kwa mlinzi wake. Suala lake alipeleke Kamisheni ya Kazi. Tutakayoyaeleza hapa chini ni ya bara, kwa sababu huko ndiko waendako watoto wetu wengi, kwenye mahoteli, maduka na makampuni ya ulinzi, na huko ndiko yanakotoka malalamiko.

Kwa sheria ya bara, mtu anayelipwa kwa mwezi akiachishwa katika mwezi wake wa kwanza hustahili notisi isiyopungua siku 7. Mwezi huo ukipita, notisi haipungui siku 28. Tajiri asiyetaka kumuona tena kazini anaweza kumlipa fedha badala ya notisi. Sheria haikusema kuwa aliye majaribioni hana notisi. Kinachoondoa notisi ni kosa kubwa la namna ile inayokubalika kisheria, na hilo ni jambo jengine kabisa, lazima lielezwe na lithibitike. "Hukutufaa" si kosa la namna hiyo.

Likizo ina mpaka wake. Likizo ya mwaka huko ni siku 28, lakini mwenye utumishi usiofika miezi sita hana haki ya likizo ya malipo. Anayeachishwa mwezi wa nne asidai fedha za likizo, hatazipata. Anayeachishwa mwezi wa nane, hata kama barua yake bado inasema "majaribio", anastahili sehemu yake kwa kadiri ya muda aliofanya kazi. Na hapa pana kifungu kinachofaa kujulikana na watu wa misimu: aliyefanya kazi kwa tajiri mmoja vipindi viwili au vitatu katika mwaka, kila kimoja chini ya miezi sita, hujumlishiwa, jumla ikipita miezi sita katika mwaka huo, haki ya likizo ipo.

Ama kiinua mgongo chenyewe, bara ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Sharti ni kuwa mtu awe ametimiza miezi 12 mfululizo, na kuwa tajiri ndiye aliyevunja kazi. Anayeacha mwenyewe hakipati, wala anayefukuzwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu.

Tutoe mfano wa hesabu, kwani maneno matupu hayakai kichwani. Tuseme kijana analipwa shilingi 520,000 kwa mwezi, na mwezi una siku 26 za kazi; kila siku yake ni shilingi 20,000. Amefanya miezi miwili akalipwa, mwezi wa tatu amefanya siku 13, kisha anaitwa anaambiwa hatakiwi tena. Kiinua mgongo chake ni sifuri, na asipoteze muda kukigombania. Lakini siku 13 ni shilingi 260,000. Notisi ya siku 28, kwa desturi ya kuihesabu kama mshahara wa mwezi, ni shilingi 520,000. Jumla ni shilingi 780,000, na nauli hatujaitia. Sasa tazameni: huyo huyo angefanya kazi mwaka mzima, kiinua mgongo chake kingekuwa shilingi 140,000 tu. Kwa hivyo kile kinachotajwa sana, na kilichomfanya ainamishe kichwa akaondoka, ni kidogo kuliko vile alivyonyamaziwa. Hii ndiyo sababu ya sisi kuandika makala haya.

Khabari ya nauli inataka maneno zaidi, kwa kuwa sisi ni watu wa kisiwani na safari yetu si ya basi moja. Sheria ya bara inasema kuwa mtumishi akiachishwa mahali ambapo sipo alipoajiriwa, tajiri atamsafirisha yeye na mizigo yake mpaka alipoajiriwa, au atamlipia usafiri huo. Na akimchelewesha, atamlipa posho ya kujikimu tangu siku ya kumwachisha mpaka siku ya kumsafirisha. Hayo yote hayangoji kuthibitishwa. Lakini neno lenye uzito ni "alipoajiriwa". Sheria hiyo hiyo inataka mahali pa kuajiriwa paandikwe katika maelezo anayopewa mtumishi anapoanza kazi. Mtoto aliyeitwa kutoka Pemba, akapelekewa ujumbe aje, kisha akafika Dar es Salaam akatia saini karatasi inayosema ameajiriwa Dar es Salaam, amekwisha poteza nauli yake ya kurudi kwa mstari mmoja ambao hakuusoma. Na aliyekwenda mwenyewe kwa miguu yake kutafuta kazi, akaipata huko huko, huyo kweli ameajiriwa huko, hana la kudai. Basi mzee anayemuaga mtoto wake amwambie: hiyo kazi kama umeitiwa hapa nyumbani, hakikisha karatasi inasema hivyo.

Jengine ni michango ya uzeeni. Mfuko wa NSSF wa bara hukusanya asilimia 20 ya mshahara kwa jumla, na mtumishi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Iliyobaki hutoa tajiri. Fedha hizo haziwi za tajiri eti kwa kuwa mtu hakufaulu majaribio. Aulizwe alipeleka au hakupeleka.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sisi wenyewe halitupendezi. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 za huko bara zinaruhusu majaribio ya muda unaofaa, usiozidi miezi 12. Sheria nayo inasema kuwa kinga dhidi ya kuachishwa bila ya sababu ya haki haimkhusu mtu mwenye utumishi chini ya miezi sita. Na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kuwa kuthibitishwa kazini hakuji wenyewe kwa sababu tu muda wa majaribio umepita. Mtu aliyenyamaziwa anabaki kuwa wa majaribio. Hatuna ubishi na mahakama, ndiyo yenye kusema sheria ni ipi. Lakini kuwa jambo linaruhusiwa si kuwa ni zuri. Miezi 12 ya kumtazama karani wa duka, au mpishi, au mlinzi wa lango, ni mingi mno. Asiyeweza kumjua mpishi kwa miezi mitatu hatamjua kwa kumi na miwili. Tajiri anayeurefusha muda mpaka ukingoni mwa mwaka, kisha akamwachia mtu ende zake mwezi wa kumi na moja, huyo hajaribu mtu. Anakimbia mwaka usitimie.

Wala tusieleweke vibaya. Hatusemi kuwa tajiri afungwe na mtu asiyefaa. Majaribio yana faida yake kwa pande mbili: tajiri anamtazama mtumishi, na mtumishi naye anamtazama tajiri. Sisi ni waajiri pia, na tunajua maana ya kumkabidhi mtu ufunguo wa ghala kisha usiku usilale.

Kwa wale wenye watoto Ghuba tuseme machache. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, sheria ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022 imeweka majaribio yasizidi miezi sita, na tajiri anayetaka kuvunja kazi ndani ya muda huo atoe notisi ya maandishi ya siku 14. Mtu akifaulu, muda wa majaribio unahesabika katika utumishi wake. Mgeni aliyetimiza mwaka anapata kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, na wa siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo. Na haki zote za mwisho zilipwe ndani ya siku 14. Oman, kwa sheria mpya ya mwaka 2023, majaribio hayazidi miezi mitatu, notisi yake ni siku 7, na kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Ile sheria ya zamani ya mwaka 2003 ilikuwa ikitoa nusu ya hapo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Anayehesabu kwa kusikia kutoka kwa ami yake aliyerudi miaka kumi nyuma atakosea. Na tunasisitiza: wanaokwenda kufanya kazi za majumbani wana kanuni zao mbali, na sheria hizi kuu haziwakhusu. Wakala wa safari anayemsomea binti sheria ya makampuni ili amvute kwenda kazi ya nyumba anamdanganya.

Muda wa kudai nao ni mfupi. Kwa bara, shauri la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine, kama ya mshahara usiolipwa, ndani ya siku 60. Kijana anayerudi kisiwani, akapumzika, akasaidia mavuno, kisha ndipo akakumbuka kudai, aghlabu amechelewa. Tunawaomba wazee wasimwambie mtoto "yaache yapite" katika wiki mbili za mwanzo. Wamuulize kwanza kama ana barua ya kazi, ana ushahidi wa siku aliyoanza, ana karatasi za mshahara. Simu za siku hizi zina kamera. Barua ipigwe picha siku ile ile ya kutiwa saini, na picha ibaki nyumbani kwa mama.

Sasa turudi kwetu, kwani si haki kuwasema matajiri wa bara na Ghuba tukajisahau. Wapo miongoni mwa wanachama wanaoweka msimamizi wa shamba, mlinzi wa ghala, au karani wa kupokea na kupima msimu unapofika, nao huwaambia kwa mdomo tu: "Njoo kwanza tukuone." Msimu unakwisha, mtu anaondoka. Msimu mwengine anaitwa yule yule, na anaambiwa tena "tukuone". Jamani, mtu aliyepima karafuu zetu misimu minne bado hatujamuona? Mchumaji ana afadhali, kwani hesabu yake humalizwa jioni kwa pishi au kwa kilo na hadaiwi wala hadai. Mwenye mshahara wa mwezi ndiye anayeelea.

Jumuiya ya mwanzo ya wakulima wa karafuu, iliyoundwa mwaka 1927 katika zama za Waingereza, ilianza kwa kushughulikia wachumaji na ujira wao kabla sheria za mwaka 1934 hazijaitia katika biashara kwa nguvu. Yako mengi ya kusemwa juu ya jumuiya ile, na mengi si mazuri. Lakini hata wao waliona kuwa suala la malipo ya watu haliwezi kuachwa kila shamba lifanye litakavyo.

Rai yetu ni kuwa mkutano mkuu ujao ukubali barua moja ya kazi kwa wanachama wote wanaoajiri kwa mwezi. Iwe karatasi moja, kwa Kiswahili, isizidi ukurasa. Iandikwe siku ya kuanza, mshahara, na mahali alipoajiriwa mtu. Majaribio yasizidi miezi mitatu, na yasirudiwe kwa mtu yule yule katika kazi ile ile. Miezi hiyo ikitimia mwanachama atoe jawabu kwa maandishi, ndiyo au hapana. Na akinyamaza, kimya chake kihesabiwe ndiyo. Sheria haimzuii mwajiri kutoa zaidi ya inavyolazimisha. Akimwachisha mtu ndani ya majaribio, amlipe siku zake, notisi yake na nauli yake siku ile ile ya kumwachisha, si "pita wiki ijayo". Na akimbakisha, utumishi uhesabiwe tangu siku ya kwanza. Kabla ya kupitishwa, barua hiyo ipelekwe Kamisheni ya Kazi itazamwe isije ikapungukiwa na yale yanayotakiwa na sheria yetu.

Tunajua litakalosemwa, na limekwisha anza kusemwa: kwamba bei haitabiriki, kwamba mwaka mmoja mikarafuu hujaa na mwaka wa pili hutoa kidogo, na kwamba mkulima mdogo hawezi kubeba gharama za kampuni. Tunakubali kuwa mavuno hupanda na kushuka. Lakini barua hii haimlazimishi mtu kuajiri. Inamtaka tu alipe kazi aliyokwisha kufanyiwa, na ajue tangu mwanzo kuwa kumwachisha mtu kuna bei yake. Mwanachama asiyeweza kutoa notisi ya mwezi mmoja asimwandike mtu kwa mwezi. Amwite kwa siku, amlipe kwa siku, na wote wawili wajue hivyo.

Nakala ya barua tunayoipendekeza imewekwa kwa katibu wa kila tawi. Mwanachama mwenye la kuongeza au kupunguza aandike pembeni kwa kalamu, kisha airudishe kwa katibu kabla ya siku ya mkutano.